Kadirio Nililolifanya Nimekaa Juu ya Jiwe

Watu wa Buger wana adabu, hawakusemi usoni, watakusubiri upite kwanza ndipo wacheke, na mimi wamenicheka mgongoni miaka yote hii hata nimezoea kutembea nikijua kwamba nyuma yangu kuna mtu anajifanya anakohoa. Wana haki. Jambo lenyewe nililifanya kwa mikono yangu, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, nikiwa na akili zangu zote (hizo chache zilizokuwepo), na ni afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjalisikia kwa hao wanaoongeza chumvi, ingawa kwa kweli chumvi yake inatosha.

Ilikuwa miaka ile ya hali ngumu. Nyie mliozaliwa juzi mkisikia hali ngumu mnafikiri bei zilipanda, kumbe sisi bei tungeiona wapi wakati kitu chenyewe cha kuwekewa bei hakikuwepo? Duka la kijiji lilikuwa na mizani, kaunta, muuzaji wa kuajiriwa na kufuli kubwa sana, na kilicholindwa na kufuli hilo kilikuwa chumvi ya mawe na viberiti vilivyolowa. Sukari kwa kibali. Khanga kwa kura, na ukishinda kura unakuta ni khanga ya rangi ambayo mkeo haitaki, basi anaivaa hivyo hivyo huku akikulaumu. Waliokuwa na moyo mgumu waliswaga ng'ombe mpaka Soitsambu, wakawavusha kuingia Kenya, wakarudi na sabuni na mafuta ya kupikia, tukanunua kwa kunong'ona huku tukiwaita walanguzi.

Mimi hali ngumu ilinikuta kazini, kwenye hoteli moja ya watalii ukingoni mwa kreta, naosha vyombo na mara mojamoja napeleka maji ya moto vyumbani. Mpaka wa Kenya ulipofungwa watalii wakakauka, tukabaki wafanyakazi tunapikiana wenyewe kwa wenyewe, mwisho meneja akatushukuru sana na kutugawia barua. Nikarudi Buger na suruali mbili za bugaluu, viatu vya raizoni vyenye visigino virefu, na Kiingereza cha maneno kama arobaini, yote yanahusu maji ya moto. Nilijiona nimeerevuka kuliko ukoo mzima. Nikamwambia baba yangu, Mzee Gwandu, kwamba nataka kuoa, nimempata Emiliana binti wa Mzee Sulle, kwa hiyo anipe ng'ombe wa mahari.

Baba akaliangalia zizi lake, ambalo lilikuwa na ng'ombe wawili, mmoja anachechemea.

"Mwanangu, hali ngumu," akasema. "Tumwombe Sulle asubiri."

Nikaamini, na Sulle naye akaamini, akakubali kusubiri na hata kupunguza. Na sitaficha, nilimdharau baba. Nilijiuliza mzee huyu maisha yote haya, mikono miwili, miguu miwili, amefanya nini duniani mpaka ana ng'ombe mmoja na nusu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu, umri ambao mtu anajua kila kitu isipokuwa kinachomhusu.

Ndipo akaja Mtaalamu. Jina alikuwa nalo lakini kijiji kizima tulimwita hivyo, na mwenyewe alilipenda. Alikuja na Landrova na masanduku mawili ya karatasi, ametumwa kukadiria hali ngumu imepunguza kipato cha kila kaya kwa kiasi gani, maana inaonekana huko mjini walikotengenezea hiyo hali ngumu walikuwa hawajui, ilibidi waje kutuuliza sisi wavaa katambuga. Akataka karani anayejua kuandika na anayeelewana na wenyeji. Mwenyekiti wa kijiji akanitaja mimi (nadhani alitaka niache kuzurura), nikapewa ubao wa kuandikia, rundo la fomu na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu.

Fomu yenyewe ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja unaandika kaya ilikuwa na nini kabla ya hali ngumu, upande wa pili ina nini sasa, mazao, mifugo, vyombo vya nyumbani, kisha unatoa, unapata hasara. Kazi rahisi kabisa kwa aliyeitunga akiwa amekaa kwenye kiti.

Siku ya kwanza nikaanza na mama mmoja jirani, mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo.

"Mama, mna ng'ombe wangapi?"

"Wapo."

"Wapo wangapi?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Na mwaka juzi mlivuna magunia mangapi ya mahindi?"

"Tulikula," akasema, kisha akanitazama vizuri. "Wewe si mtoto wa Gwandu? Baba yako anajua unazunguka kuuliza watu mambo haya?"

Nikasema anajua. Akasema haya, akaniuliza kama miguu hainiumi na viatu hivyo, akaendelea kupembua mbegu zake. Nyumba ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo, na kati ya nyumba na nyumba kuna kilima, na vile viatu vya raizoni aliyevibuni hakuwahi kufika Buger. Jioni nilikuwa na malengelenge manne na fomu tupu.

Sasa uamuzi wangu mdogo ndio huu. Juu ya kijiji kuna jiwe kubwa, ukikaa pale unaona maboma karibu yote, na asubuhi ng'ombe wakitolewa kwenda machungani unawaona wakitoka zizi moja baada ya jingine. Nikajiambia, kwa nini nijitese kumuuliza mtu jambo ninaloweza kuliona kwa macho? Nikakaa juu ya jiwe. Wakitoka ng'ombe wengi, naandika kaya imara. Wakitoka wachache, kaya dhaifu. Penye bati naongeza kidogo, penye nyasi napunguza. Na ile sehemu ya kabla ya hali ngumu, ambayo hata ningekaa juu ya mlima Oldeani nisingeiona, niliijaza kwa kuchukua ninachokiona leo na kukiongezea nusu, isipokuwa kwa watu nisiowapenda, hao sikuwaongezea kitu. Asubuhi mbili tu, kaya sitini zimekwisha. Siku zilizobaki nilizimalizia kilabuni kwenye pombe ya mtama, na Mtaalamu akaniambia hajapata kuona karani mwepesi kama mimi katika vijiji vyote alivyopita, nami nikatikisa kichwa kwa unyenyekevu.

Katika kaya hizo sitini, ni mbili tu zinazohusika na aibu yangu. Ya kwanza ni ya Aako Tarmo (aako kwetu ni babu, ndivyo tunavyowaheshimu wazee). Mzee huyu aliishi na mkewe na wajukuu watano ambao baba yao alikwenda vitani asirudi. Nyumba ya nyasi, shamba la mteremkoni ambalo mvua ikija lote linahamia kwa jirani. Lakini asubuhi ile zizini mwake walitoka ng'ombe kumi na wanne. Nilishangaa kidogo, nikawahesabu tena, kumi na wanne, nikaiacha hesabu yangu ya kuongeza nusu, nikaandika kipato kimepanda. Ya pili ilikuwa ya baba yangu. Ng'ombe wawili. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika kaya dhaifu kabisa, nikapigia mstari.

Ningeachwa hapo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mvua za mwaka ule zilikataa, watu wakawa wanakula mara moja kwa siku na wengine wanakula mboga bila ugali, ndipo ukaletwa Karatu unga wa msaada, ule wa njano tuliouita yanga. Kijiji chetu kikapata magunia machache, hayatoshi nyumba zote. Katibu kata akasikia kwamba kuna mtu ameshapanga kaya za Buger kuanzia imara mpaka dhaifu. Akasema basi ya nini kujisumbua, orodha ipo, waanze kupewa walio chini.

Mkutano ukaitwa uwanja wa shule. Magunia yamepangwa mbele, Mtaalamu, aliyekuwa bado anamalizia vijiji vya jirani, kwenye kiti, katibu kata kwenye kiti, mwenyekiti kwenye kiti, mimi nimesimama katikati na ubao wangu na bugaluu iliyopigwa pasi ya mkaa. Aako Tarmo alikuja mapema kuliko wote. Alikuwa na gunia lake tupu, lililofuliwa, amelikunja chini ya kwapa, na mkewe yuko pembeni yake. Kila mtu pale alijua nyumba hiyo imeishiwa, na kwamba kama kuna nyumba ya kwanza kupewa yanga ni hiyo.

Nikaanza kusoma kwa sauti ya hoteli. Nikafika kwake. "Mzee Tarmo, ng'ombe kumi na wanne, kipato kimepanda."

Mwenyekiti akakata jina lake.

Aako Tarmo akasimama, akavua kofia. "Mwenyekiti, ng'ombe hao nimewatoa zizini mwenyewe asubuhi, siwakatai. Lakini wengine si wangu."

"Ni wa nani, Mzee?" akauliza Mtaalamu.

Aako Tarmo akaigeuzageuza kofia mikononi.

Sasa ngojeni niwaambie jambo ambalo kila mtoto wa Kiiraqw analijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Kwetu mwenye ng'ombe hawarundiki zizi moja. Maradhi yakija yatabeba wote, na macho ya watu nayo ni maradhi, na ndugu wenye shida hawaishi kupiga hodi. Kwa hiyo anawaweka kwa marafiki, watatu hapa, watano kule. Anayewatunza anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba, na akitunza vizuri siku moja atapewa mtamba wake mwenyewe. Wajibu wake ni miwili tu, kuwalisha na kufunga mdomo. Kumuuliza mtu ng'ombe alionao ni wa nani ni sawa na kumuuliza aliungama nini kwa padre. Ndiyo maana kwetu mwenye zizi limejaa anaweza kuwa maskini wa watu, na mwenye ng'ombe wawili, mmoja anachechemea, huyo ndiye wa kumwangalia mara mbili. Nililijua hilo, nimekulia ndani yake, lakini fomu ilikuwa na mahali pa kuandika ng'ombe wangapi na haikuwa na mahali pa kuandika wa nani, na mimi mpumbavu wa bugaluu nikaona kisichokuwemo kwenye fomu hakipo duniani.

Hata hapo ningeweza kunyamaza. Badala yake nikaona huu ndio wakati wa kumwonyesha Mtaalamu kwamba karani wake hadanganywi.

"Aako," nikasema, "au walidondoka na mvua? Maana hata mvua yenyewe hatujaiona."

Nikasubiri watu wacheke. Hakucheka mtu, mke wa Aako Tarmo akanitazama mara moja tu kisha akaangalia chini.

Mtaalamu, nadhani kwa wema, akamwambia, "Mzee, taja tu jina la mwenye ng'ombe, nitakuandika upya sasa hivi. Unga huo hapo."

Jina moja. Alikuwa anatakiwa kutaja jina moja na angepata unga wa kulisha wajukuu watano. Akayaangalia yale magunia, akamwangalia mkewe, akalikunja upya gunia lake tupu ingawa lilikuwa limeshakunjwa.

"Basi," akasema. "Niache." Akakaa.

Mtaalamu akaandika kitu. Mwenyekiti akasema tuendelee, nikaendelea, mpaka nikafika mwisho kabisa wa orodha, kwenye wino mwekundu. "Mzee Gwandu. Ng'ombe wawili. Kaya dhaifu kabisa."

Hapo nikasikia wazee wanakohoa, mmoja baada ya mwingine, wengine wameweka mikono mdomoni, na mimi nikadhani wanamhurumia baba yangu. Nikajiona mtoto mwema. Vijana wawili wakabeba gunia zima la yanga wakaliweka mbele ya miguu yake, na baba akaliangalia muda mrefu sana, na Mzee Sulle, baba wa Emiliana, ambaye alikuwa ameketi mtu wa pili kutoka kwake, naye akaliangalia.

Baba akajiinua kwa fimbo yake.

"Mpeni Tarmo unga huo."

"Mzee, Tarmo ana ng'ombe kumi na wanne," akasema mwenyekiti, ambaye alikuwa anajua kila kitu na alikuwa anatafuta njia ya kumwokoa baba.

"Wawili ni wake, nilimpa mimi. Kumi na wawili ni wangu."

Hakukuwa na mtu asiyejua, isipokuwa Sulle, katibu kata, Mtaalamu na mimi, yaani wale wanne hasa ambao baba hakutaka wajue. Mtu wa kwetu anaweza kukiri mambo mengi mbele ya watu, lakini kusimama uwanjani na kutaja ng'ombe zako wako kwa nani ni kuvuliwa nguo, na baba alijivua mwenyewe ili rafiki yake asilale njaa kwa kumficha. Nilitamani ardhi ipasuke, na ardhi ya Buger ambayo hupasuka kila kiangazi, siku hiyo ikakataa.

Mtaalamu akashika kalamu, macho yanawaka. "Kumi na wawili! Na wengine, Mzee, wako kwa nani?"

Baba hata hakumwangalia. "Muulize mwanangu," akasema. "Yeye ndiye anayejua kuhesabu."

Sasa ndipo walipocheka. Walicheka wazee, wakacheka wanawake, akacheka na mwalimu mkuu ambaye alikuwa mtu wa kanisa na asiyecheka, wakacheka mpaka kinamama wengine wakakaa chini, na katikati yao nimesimama mimi na ubao, sijui niuweke wapi. Sulle peke yake hakucheka. Alisubiri watulie, akasema polepole, "Gwandu, kesho nitakuja tuzungumze." Akaja, akazungumza, na ng'ombe wa mahari aliokuwa amewapunguza kwa ajili ya hali ngumu wakarudi wote na wenzao wawili, na baba akakubali bila kubishana, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo wetu.

Mtaalamu alisahihisha mistari miwili tu, wa baba na wa Aako Tarmo. Kaya zile nyingine hamsini na nane nilitaka kumwambia, nilifungua mdomo kabisa, lakini alikuwa anawahi chakula cha mchana Karatu, akafunga masanduku, akanipa mkono, akaniambia nina mustakabali mzuri kwenye takwimu. Kwa hiyo mahali fulani kuna kitabu kinachoeleza hali ngumu iliwapiga vipi watu wa Buger, kwa asilimia na nukta zake, wakubwa wakakisoma na kutikisa vichwa, na chini ya hesabu zote hizo kuna makalio yangu juu ya jiwe. Tangu hapo nikisikia redioni mtu anasema kipato cha kaya kimeshuka kwa kiasi kadhaa na nukta kadhaa, huwa nazima niokoe betri.

Mngependa iishie hapo, kwenye kicheko. Lakini ng'ombe waliokwisha kutajwa hadharani hawawezi kubaki walipo. Katibu kata alianza kupita kwa baba kila wiki na mchango mpya, leo wa zahanati, kesho wa mwenge, na kabla mwezi haujaisha baba akawaondoa wale kumi na wawili kwa Aako Tarmo, akawapeleka upande wa Mbulu. Kwa nani, hakuniambia mpaka anaingia kaburini, na sikuthubutu kuuliza. Na katika wale wawili wa Aako Tarmo mwenyewe, aliyekuwa anakamuliwa hakuwepo hata mmoja.

Mimi kwa akili zangu za hoteli nilikuwa nimeshajisamehe, nikijiambia si amepata unga? Gunia la yanga kwa watu saba lilikwisha wiki ya tatu. Maziwa walikuwa wanayapata kila siku, tangu mtoto wao alipokwenda vitani, na hiyo ndiyo sababu baba aliwaweka ng'ombe wale pale na si kwingine. Hilo nilielezwa na mama yangu, kwa maneno machache, huku akiwa amenipa mgongo.

Nikachukua kipande cha sabuni ya magendo nilichokuwa nimekificha kwa ajili ya harusi yangu, nikaenda kwa Aako Tarmo kuomba radhi. Nilikwenda peku. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akanipa kigoda, akapokea sabuni kwa mikono miwili, akamwita mkewe, na wale watoto watano wakakaa ukutani kuniangalia. Nikasema maneno yangu. Yalikuwa mengi, nilikuwa nimeyapanga njia nzima.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Chai ikaletwa, chai ya rangi, haina sukari na haina kitu kingine, na watoto nao wakapewa hiyo hiyo.

"Kunywa, mjukuu wangu," akaniambia, bila hasira hata kidogo. "Maziwa utayakuta kwenye karatasi yako."

Nilikunywa yote, mpaka majani ya chini, watoto wananitazama. Na tangu siku hiyo mtu yeyote akija na karatasi, awe wa serikali, wa kanisa au wa mzungu, kuniuliza jirani yangu anaishije, ninasimama, ninamwonyesha njia ya kwenda kwa jirani, na ninafunga mdomo.